Alhamisi Saa Nane, DJ ni Nereah

Nereah Aluoch alikuwa na kasoro moja katika biashara ya mboga: hakuweza kukata sukuma na kusimulia sinema kwa wakati mmoja. Kisu kilisimama hewani. Mteja angefika kibandani kwake mtaa wa Silanga, ana haraka ya kwenda kuwasha jiko, na Nereah angeanza, "Sasa huyo mama akaruka dirishani, na mtoto mgongoni..." Majani yangebaki hapo kwenye kibao mpaka mtoto wa sinema afike salama. Wateja walilalamika, lakini hawakuhama. Wengine walinunua mboga wasizozihitaji ili tu wasikie ilivyoisha.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alitoka Nyakach akiwa na kumi na tisa, akaolewa na Okello, fundi wa mjengo mwenye maneno machache, wakamzaa Celine, ambaye sasa yuko chuoni akisomea uuguzi. Mboga alizilima mwenyewe kwenye kipande cha shamba alichokodi kando ya bwawa. Asubuhi alivuna na kumwagilia, jioni aliuza. Kati ya saa nane na saa kumi mchana hakuna mtu Silanga anayenunua mboga, na masaa hayo mawili Nereah aliyapeleka Lindi, mtaa wa jirani, kwa Billy.

Billy alikuwa na kibanda cha video: mabati, pazia jeusi mlangoni, mabenchi sita, televisheni kubwa na spika mbili zinazotikisa vumbi la paa. Filamu zake nyingi zilikuwa za Kichina, za Kikorea na za Kihindi, na kazi ya Billy, kama DJ wa kibanda, ilikuwa kuzitafsiri. Aliketi pembeni na maiki, akapunguza sauti ya filamu, akawasemea wote kwa Sheng: askari, mfalme, mwizi, hata farasi. Vijana walimpenda. Walikuja kuona filamu, ndiyo, lakini zaidi walikuja kumsikia Billy akiisema.

Nereah alikuwa mwanamke pekee mle ndani. Aliketi mwisho wa benchi karibu na mlango, na vijana walikuwa wamemzoea. "Niaje mathe," walimsalimia kama mama yao, wakamsogezea nafasi.

Siku moja ya mwezi wa pili Billy aliweka filamu ya mwanamke mhunzi. Anaishi mlimani, baba yake amekufa akamwachia karakana, naye anafua panga ambazo hakuna mwanamume wa bonde lile anayeweza kuzifua. Bwana mkubwa wa bonde anakuja na askari ishirini, anataka panga zote na karakana pia. Mwanamke anatoka mlangoni, ameshika nyundo, anamtazama yule bwana usoni, na anasema kitu kifupi sana.

Billy akamsemea kwa sauti nyembamba: "Beibi, usinikasirikie, ingia ndani nikupikie chapati!"

Kibanda kizima kikacheka. Nereah hakujua amesimama mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Hajasema hivyo!"

Billy akasimamisha filamu. Mhunzi akaganda kwenye skrini, nyundo mkononi.

"Mathe, kwani unajua Kichina?"

"Sijui. Lakini maandishi ya Kiingereza si yapo hapo chini? Amesema, 'Toka kwa uwanja wangu.' Na hata kama yasingekuwepo, mtu anayetaka kupika chapati hashiki nyundo hivyo."

Safari hii walimcheka Billy. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mchangamfu, asiyezoea kushindwa ndani ya kibanda chake mwenyewe. Akanyanyuka, akamnyooshea maiki.

"Haya basi, kuja hapa. Tafsiri wewe."

Alidhani atakataa. Na kusema kweli Nereah mwenyewe alidhani atakataa. Lakini vijana walianza kupiga mabenchi, "Mathe! Mathe! Mathe!" na miguu ikampeleka mbele. Akaketi kwenye kiti cha Billy. Filamu ikaendelea. Mhunzi akafungua mdomo, akaufunga. Bwana mkubwa akajibu. Maiki ilikuwa nzito kama jembe. Dakika nzima ikapita, mtu wa nyuma akauliza, "Kwani hii imekuwa ya mabubu?"

Ndipo yule bwana alipochukua upanga mmoja mezani. Akaupima kwa kidole, akaurudisha, akachukua mwingine, akaupindua, akaurudisha. Nereah akamjua. Mtu huyo alikuwa akifika kibandani kwake kila jioni.

"Wewe!" alisema kwenye maiki, kwa sauti ile ile ya Silanga. "Panga ni za kununua ama za kubonyeza? Kila siku unakuja hapa unabonyeza, unabonyeza, unaenda. Leo umeleta mpaka watu ishirini wa kukusaidia kubonyeza!"

Kibanda kililipuka. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumsimamisha. Aliposema maneno ya mhunzi aliyasema kama yalivyoandikwa, bila kuyapunguza. Ucheshi wake aliutupa pembeni, kwa askari, kwa punda, kwa yule bwana na mashavu yake. Na mhunzi alipopigana peke yake kwenye daraja la kamba, Nereah hakutania hata kidogo. Aliongea polepole, akisema mkono unavyomuuma, anavyomkumbuka baba yake, na kwa nini harudi nyuma. Vijana waliokuwa wakila njugu waliacha kutafuna.

Baadaye Billy alimfuata nje.

"Mathe, umeniua. Kuja kila Alhamisi. Mchana wako, filamu yako."

"Nitaongea na mzee," Nereah alisema, ingawa hakuwa na nia ya kuomba ruhusa. Alitaka tu mtu wa kumwambia.

Jioni, wakila ugali na omena, alimweleza Okello kilichotokea, kisha akamweleza jambo ambalo katika miaka ishirini na tatu hakuwahi kumwambia. Alipokuwa darasa la pili, gari la sinema lilifika shuleni kwao. Walitundika shuka jeupe, na kijiji kizima kikaketi chini. Filamu ilihusu kilimo cha pamba. Ndani yake kulikuwa na mwanamke anayeendesha trekta, peke yake, katika shamba lisilo na mwisho. Nereah mdogo alisahau kupumua. Kisha mwanamume mwenye kipaza sauti akawaambia watu kwa Kijaluo, "Huyu mama anamsaidia mume wake."

"Na mume hakuwepo, Okello! Nilimtafuta kila mahali kwenye lile shuka. Nilimtafuta hata nyuma ya trekta. Hakukuwa na mume!"

Okello alicheka mpaka akaweka tonge chini. Halafu akasema, "Sasa maiki ni yako. Sema wewe."

Nereah alimpa Billy masharti mawili. La kwanza, akina mama waruhusiwe kuingia na watoto wao na kazi zao. La pili, filamu angechagua yeye. Wakakaa asubuhi nzima wakipekua kompyuta ya Billy, iliyokuwa na mamia ya filamu.

"Unataka zile za mwanamke anapiga watu?" Billy aliuliza.

"Hata kama hapigi mtu. Nataka mwanamke ambaye ukimtoa, filamu inakufa."

Billy alijaribu. Akafungua moja, akamtoa mwanamke kichwani mwake, filamu ikaendelea vizuri tu. Akafungua nyingine, vivyo hivyo. Kufika saa sita alikuwa amekunja uso. "Manze," alisema, "hawa wasichana wote walikuwa wanafanya nini humu ndani?" Walipata filamu kumi na tisa.

Alhamisi ya kwanza ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: LEO SAA NANE, MAMA WA NYUNDO. DJ NI NEREAH. Walikuja wanawake wanne, mmoja wao Adhis, muuza makaa wa jirani, aliyekuja kwa sababu Nereah alimfungia kibanda kwa nguvu na kumshika mkono. Adhis alikuwa amesema hana haja na sinema. Filamu ilipofika nusu alikuwa amesimama juu ya benchi, mikono myeusi ya makaa juu, akipiga kelele, "Mwonyeshe! Nyar Nyakach, binti wa kwetu, mwambie amwonyeshe!" kana kwamba Nereah ndiye aliyemshikia mhunzi nyundo.

Wiki iliyofuata wakawa kumi na mmoja. Mwisho wa mwezi wa tatu mabenchi hayakutosha. Wanawake waliingia na beseni za njegere za kumenya na mafungu ya sukuma, wakakata gizani bila kutazama, macho kwenye skrini, na hakuna aliyewahi kujikata. Waliona mwanamke hakimu aliyekataa kuhama mji. Waliona kocha wa mpira mwenye mguu mmoja. Waliona mwizi wa benki, nyanya wa wajukuu saba, na siku hiyo kibanda kiligawanyika: Adhis alisema wizi ni wizi, wengine wakasema alikuwa na akili mno kuwa mwizi, wakabishana hadi njiani, hadi kwenye foleni ya maji, hadi Jumapili baada ya kanisa.

Katika watu waliokuja kulikuwa na Kavetsa, mwanamke mwembamba kutoka Sarang'ombe aliyefulia watu nguo. Alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba ukimsalimia ungedhani hajajibu. Alhamisi moja Nereah alikuwa na mafua, koo limekauka, na jambazi wa filamu akaanza hotuba ndefu ya vitisho. Nereah akakohoa tu. Kutoka benchi la pili ikatoka sauti nzito, ya mwanamume mnene aliyeshiba: "Leteni huyo mwanamke hapa! Na chai yangu iko wapi?"

Watu wakageuka. Alikuwa Kavetsa, amejifunika mdomo kwa kanga, macho yametoka kwa mshangao wake mwenyewe.

"Ebu rudia," Nereah alimwambia.

Akarudia. Kuanzia siku hiyo majambazi wote walikuwa wa Kavetsa. Alipoulizwa sauti ile ameitoa wapi, alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Nimefulia wanaume wengi. Huwa wanaongea, mimi nasikia."

Ni Kavetsa aliyepeleka habari hizi mtaa wa Kawangware, ambako kila Jumanne alifulia nyumba ya mama mmoja aitwaye Wanja. Huyu alikuwa mzaliwa wa pale, mjane wa miaka sitini na saba, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha na ukumbi wa mawe uliotumiwa na kanisa siku za Jumapili. Alifika Lindi mwenyewe Alhamisi moja, na kofia ya sufu na mkoba mweusi, akaketi mbele, akatazama filamu yote bila kucheka hata mara moja.

Filamu ilipoisha Wanja alisimama. "Ukumbi wangu unaingia watu mia moja," alisema. "Utakuja lini?"

"Shosho," Nereah alimwita kama bibi yake, "kule kwenu watu watanielewa kweli? Mimi Kiswahili changu kina samaki ndani."

"Na changu kina waru, viazi vya kwetu. Kuja."

Walienda mwezi wa sita, Nereah na Kavetsa na Adhis, pamoja na Billy, televisheni yake na spika zake. Ukumbi ulikuwa umejaa: wapangaji wa Wanja, wauza nguo, wasusi, mama wa kanisa waliovaa sare zao. Billy alikuwa amepata filamu mpya asubuhi ile ile. Inahusu mjane mwenye lori la maji anayevuka jangwa kufikia mji ulioishiwa maji, na genge linalomfukuza kwa sababu mkubwa wao anauza maji ya bei ghali. Nereah alikuwa ameona nusu tu. "Nusu ya pili nitaijulia mbele," alimwambia Billy.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mzaha wake wa kwanza ulianguka chini, wa pili pia. Mama mmoja wa mbele, Wakarima, alikuwa akifuma sweta na hakuinua macho. Kisha mjane wa filamu alijaribu kuliwasha lori, likakataa, akalipiga teke tairi, na Nereah akalisemesha lile lori kama mama anavyosemesha mtoto asiyetaka kuamka kwenda shule. Wakarima akacheka kwanza kwa pua. Baada ya hapo ukumbi ulikuwa wake.

Walifika kwenye daraja refu juu ya korongo. Mjane yuko katikati. Magari mawili ya genge nyuma, mawili mbele, kila moja na wanaume wawili. Mkubwa wa genge anashuka, anatabasamu, na Kavetsa anaguruma, "Umefika mwisho wa njia, mama..."

Stima ikapotea.

Wanawake themanini walipiga yowe kwa pamoja. Mtu akafungua madirisha, mwanga wa mchana ukaingia, na skrini ikawa kioo cheusi tu. Dakika tano. Dakika kumi. Walianza kuokota vikapu na kufunga watoto mgongoni.

"Kaeni chini!" Nereah alisema. Maiki ilikuwa imekufa, lakini yeye hakuihitaji. "Mimi najua alichofanya."

"Lakini hujaiona!" Billy alimnong'oneza.

"Nyamaza."

Akasimama katikati ya ukumbi, mbele ya watu wote, mchana kweupe. Alisema mjane aliwatazama wale wanaume wanane, akazima lori. Akashuka. Akafungua boneti, akashika kiuno, akasema, "Wazee wangu, gari imekufa. Na mimi ni mwanamke, mambo ya injini nitajulia wapi?"

Kicheko kidogo kikaanza upande wa wasusi.

Basi wanaume wakaja. Wa kwanza akasema ni plagi. Wa pili akasema plagi gani, ni betri. Kavetsa akadaka: akawa mnene, akawa mwembamba, akawa mwenye kigugumizi, wote wakigombana kichwa ndani ya boneti. Mwishowe mkubwa wao akakasirika: "Ondokeni! Hii inataka kusukumwa tu!" Wakaondoa magari ya mbele, wakaenda wote wanane nyuma ya lori, wakaweka mabega.

"Na mama wetu," Nereah alisema, "akaingia ndani, akafunga mlango polepole, akasema kwa dirisha, 'Haya wazee wangu. Moja. Mbili.'"

Ukumbi mzima ukasema tatu. Nereah akaachilia klachi kwa mguu, lori likanguruma, na wanaume wanane wakaanguka kifudifudi juu ya daraja, wakimeza vumbi. Watu walishikana. Mama wa kanisa walipiga vigelegele. Wakarima alikuwa amedondosha sweta na alikuwa akifuta machozi.

Hapo stima ikarudi, na Billy, kwa mazoea, akaiachilia filamu.

Kwenye skrini mjane alikuwa analia. Angani ikatokea helikopta, na ndani yake mwanamume mwenye miwani myeusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona tangu filamu ianze. Akaruka kwa kamba, akalipiga genge zima, na mjane akazimia mikononi mwake.

Kisha mtu akauliza, "Huyu naye ametoka wapi?"

"Zima hiyo kitu!" Wanja alisema. "Turudishie yetu!"

Nereah akarukia maiki. Mwanamume wa miwani alikuwa anafungua mdomo, na Nereah akamsemea kwa adabu, "Samahani mama, nimepotea. Hii ndiyo njia ya Kawangware?" Msusi mmoja akauliza kama mjane amezimia; Nereah akajibu, "Hapana, amelala kidogo. Si mmeona amesukumisha wanaume wanane?"

Walitoka wakicheka hadi barabarani. Lakini Nereah, akikunja nyaya na Billy, hakucheka.

"Mimi nilikusimamisha kwa sababu ya chapati," alisema. "Na leo nimefanya hiyo hiyo kazi."

Billy alifikiri. "Yako ilikuwa tamu kuliko filamu."

"Hata yako vijana waliiona tamu."

Jambo hilo lilimkaa moyoni juma zima, akiwa shambani na kopo la kumwagilia. Alhamisi iliyofuata, waliporudi Kawangware, alisimama kabla Billy hajawasha chochote na kuwaambia ukweli: mwisho wa daraja ulikuwa wake, mwenye filamu alikuwa ameandika helikopta. Kuanzia leo, alisema, filamu ikiwa inasemwa, itasemwa ilivyo, hata ikikasirisha. Ikiisha, wazime, na mwenye mwisho mzuri kuliko huo asimame autoe, watu wajue ni wake.

Alingoja wamlaumu. Wakarima alisema, "Sisi tulijua. Mwanamume gani wa sinema anasukuma lori?"

Kisha Wanja akainua mkono wake, taratibu, kama mtoto wa shule.

"Mimi ya leo sina haja nayo," alisema. "Nataka kusema juu ya lori. Hilo la kweli."

Hakuna aliyejua kwamba Wanja aliwahi kuwa na lori. Wapangaji wake wa miaka kumi hawakujua, hata Kavetsa aliyemfulia shuka. Wanja akasimama, akavua kofia, akaanza. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mume wake alikuwa mgonjwa wa mgongo, na lori lao la mawe lilikuwa limesimama uani. Alijifunza kuliendesha kwa siku nne kwenye uwanja wa nyuma. Siku ya tano akaenda Ndarugo kwenye machimbo, na wapakiaji wakakunja mikono, wakasema hawampakilii mwanamke.

"Ukafanya nini?" Adhis aliuliza kutoka nyuma.

"Mimi na dada yangu Njambi tulipakia wenyewe. Jiwe moja, jiwe moja. Wao wamekaa kwa kivuli, wanatuhesabia, wanacheka. Tulipofika mawe sitini wakaacha kucheka. Tulipofika mia, mmoja wao akasimama, akajifanya anatafuta koti lake, akatubebea moja."

Kavetsa akatoa sauti ya mwanamume huyo, anayeguna chini ya jiwe, na Wanja akapiga mapaja kwa furaha. "Ndivyo alivyokuwa! Ndivyo hasa!"

Billy alikuwa amezima televisheni bila kuambiwa. Nereah akampisha Wanja mbele, akamwekea maiki mkononi, akaenda kutafuta nafasi kwenye benchi la tatu, kati ya msusi na mama aliyekuwa akimenya njegere. Mama yule akamsogezea beseni. Nereah akachukua kiganja cha njegere, akaanza kumenya huku akimtazama Wanja.

"Halafu?" alisema kwa sauti.

"Halafu," Wanja alisema, "tukakuta kilima."